Pampu ya pili kwenye 404: waya mbili hazitoshi

Sina ugomvi na pampu ya umeme. Mwenye Peugeot 404 au 504 ya kabureta hapa Bukavu, anayeshuka nayo hadi Kamanyola kule bondeni na kurudi, ana kila sababu ya kuongeza pampu ndogo nyuma karibu na tangi. Ugomvi wangu ni namna tunavyoifunga: waya moja kwenye kontakti (swichi ya ufunguo wa gari), nyingine kwenye masi (chuma cha bodi), mteja analipa, kwaheri.

Kuna wanaosema pampu hiyo ni anasa. Hao hawajapanda mlima wa Ngomo, ulio kati ya Bukavu na Kamanyola, na gari la zamani. 404, iliyoanza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, ina pampu ya kimekanika iliyobanwa kwenye injini yenyewe. Ndani yake mna utando unaochezeshwa na kemu (kinundu kinachozunguka na injini), na kazi yake ni kunyonya esansi, yaani petroli, kutoka tangi lililoko nyuma kabisa. Shida iko hapo kwenye kunyonya. Esansi inayovutwa inakuwa na mgandamizo mdogo kuliko hewa ya nje, na kimiminika chenye mgandamizo mdogo huchemka mapema. Bukavu tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 84 tu ya ule wa pwani. Sasa chukua gari lililoshinda kwenye joto la bonde la Ruzizi, ulipandishe Ngomo kwa gia ya pili nyuma ya lori lililosheheni. Esansi inageuka mvuke ndani ya bomba, pampu inabaki kupiga hewa, injini inakohoa na kuzimika. Ndiyo maana pale mlimani unamkuta dereva amefungua boneti, kitambaa kimelowa juu ya pampu, anakimwagia maji ya chupa kidogo kidogo huku abiria wakimpa ushauri ambao hakuomba.

Pampu ya umeme ikikaa nyuma, chini, karibu na tangi, inasukuma badala ya kuvuta. Bomba zima linakuwa na mgandamizo, na mvuke unapata shida kuzaliwa. Tena gari lililolala wiki mbili, kabureta imekauka, haliui bateri kwa kupigwa demareri (mota ya kuwashia injini) bila kukoma. Hayo yote nayakubali.

Lakini pampu ya kimekanika ilikuwa na adabu moja ambayo hatukuwahi kuisifu: injini ikisimama, nayo inasimama. Ile ya waya mbili haijui habari za injini. Maadamu kontakti iko wazi, yaani ufunguo umewasha umeme, inasukuma. Umeegesha unasikiliza habari redioni, inasukuma. Uchafu wa esansi ya kidumu, ile tunayonunua kwa kadhafi (muuzaji wa vidumu) kando ya barabara, umekwamisha sindano inayofungia esansi kwenye kabureta, inasukuma tu na esansi inamwagika juu ya injini ya moto. Gari limeingia mtaroni, bomba limekatika, dereva amezirai: bado inasukuma. Kwa mwendo wa teremko zetu, tusijifanye hilo haliwezekani.

Ukimwambia fundi aweke relei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, atakujibu: «Papa, hii pampu inakula ampea moja, mbili. Relei ya nini?» Kwa hesabu ya umeme hajakosea. Swichi ya kontakti inaubeba mzigo huo bila taabu. Ila relei hapa inawekwa ili kuwe na kitu cha kuamua, na cha kumpasha habari tayari kimo ndani ya gari: swichi ya taa ya oili. Injini ikiwa imesimama, swichi hiyo inagusa masi na taa inawaka. Mgandamizo wa oili ukipanda, inaachia.

Basi tafuta relei ya miguu mitano, na uhakikishe mguu wa katikati umeandikwa 87a, ule unaopitisha umeme relei ikiwa imeachia. Zipo za miguu mitano zenye 87 mbili, hizo hazifai. Mguu 86 upate umeme wa kontakti. Mguu 85 uungane na waya ya swichi ya oili, pamoja na taa yake. Mguu 30 nao upate umeme wa kontakti kupitia fyuzi ndogo, ya ampea 5 hivi, na 87a iende kwenye pampu. Oili isipokuwa na mgandamizo, relei inavuta na kuikatia pampu. Mgandamizo ukija, relei inaachia na pampu inafanya kazi. Angalizo: michoro mingi inaupeleka mguu 30 moja kwa moja kwenye bateri. Kwa mpango huu ni hatari, kwa sababu ukifunga kontakti relei inaachia, na pampu itasukuma usiku kucha. Kwa kujaza kabureta asubuhi, weka kitufe cha kubonyeza, kinachoachia chenyewe ukiondoa kidole, kiipelekee pampu umeme uliopita kwenye fyuzi hiyo hiyo. Na taa ya oili ikikataa kuwaka ukifungua kontakti, usipuuze: huenda waya imekatika, na ikikatika hiyo, ulinzi wote umekwenda.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau. Wengi wanaiacha pampu ya zamani mahali pake, esansi ipite ndani yake. Utando wake ukiwa umechanika, pampu mpya itaisukuma esansi kupitia huo mpasuko, na kutegemea muundo wa pampu itatokea nje kwenye tundu dogo au itashuka kwenye karteri, mahali inapokaa oili ya injini. Oili inakuwa maji, na vyuma vinaanza kulana. Vuta kijiti cha oili: kiwango kikiwa kimepanda bila wewe kuongeza kitu, au kikinuka esansi, usiwashe. Kwa maoni yangu, utando usiojulikana umri wake ubadilishwe kwanza, pampu ya umeme ifuate.

Na tafadhali, si kila pampu ya okazyo (iliyokwisha tumika) inafaa. Zile za magari ya injeksheni, yasiyo na kabureta, zinatoa mgandamizo wa kama bar 3. Kabureta inataka bar 0.2 hadi 0.3 tu, zaidi ya hapo sindano yake haiwezi kuzuia. Filta iwe kabla ya pampu. Masi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, si kwenye bolti yenye kutu.

Najua mteja analia bei. Lakini relei, kitufe, fyuzi na mita chache za waya ni kitu kidogo ukilinganisha na pampu yenyewe, na kazi yenyewe haimalizi nusu siku. Gari likirudi kutoka garaji, fungua kontakti bila kuwasha injini: taa ya oili iwake, nyuma kuwe kimya. Bonyeza kitufe, usikie pampu. Washa injini, taa ikizimika pampu iendelee yenyewe. Ukiisikia inagonga kabla hujagusa kitufe, pesa ibaki mfukoni hadi fundi arudi chini ya gari.