Mgombea binafsi: chama kibaki kuwa mlango pekee?

Ibara ya 20(4) ya Katiba ya Tanzania inapiga marufuku mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ukifika ibara ya 67, unakuta kwamba huwezi kugombea ubunge bila kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kupendekezwa nacho. Kwa urais, ibara ya 39 inadai hivyohivyo.

Mchungaji Christopher Mtikila aliupeleka mgongano huo mahakamani mwaka 1993. Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alimpa haki mwaka uliofuata, na mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba kuziba njia aliyoifungua. Mtikila akafungua kesi nyingine, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo na kusema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika utawala wa nchi yake. Mtikila alifariki mwaka 2015. Masharti yale yapo palepale.

Wanaoyatetea wana hoja nzito. Chama kina ilani, na mpiga kura aliyedanganywa anajua nani wa kumwadhibu kwenye uchaguzi ujao. Mgombea binafsi akishinda kwa pesa zake, nani atamuuliza? Tazama Uganda. Chini ya mfumo wa Movement, shughuli za vyama zilibanwa na kila mgombea akasimama kwa sifa zake mwenyewe, mpaka kura ya maoni ya 2005 iliporudisha vyama vingi. Kwenye karatasi wote walikuwa huru, lakini mwenye mtandao wa nchi nzima alikuwa mmoja tu, naye ni Rais. Mfumo usio na vyama haukumpunguzia nguvu mtawala. Ulimwondolea wapinzani waliojipanga.

Kenya nako kuna funzo. Katiba ya 2010 inamruhusu mgombea huru, mradi awe ameacha uanachama wa chama angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Anayetaka ubunge wa jimbo akusanye sahihi za wapiga kura 1,000. Mwaka 2017 kura za mchujo ziliisha mapema kiasi kwamba walioangushwa walipata muda wa kujiondoa na kurudi ulingoni wakiwa "huru".

Pamoja na hayo yote, mimi nasimama na Mtikila. Hoja hizo zinaonyesha kwamba vyama vina manufaa. Hazionyeshi kwa nini asiyevitaka anyimwe haki ya kuomba kura, wakati ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote.

Na tatizo haliishii siku ya kuchukua fomu. Kwa ibara ya 71, mbunge akipoteza uanachama anapoteza na kiti. Desemba 2011 NCCR-Mageuzi ilimfukuza David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini. Kikao cha chama kilikuwa kinaelekea kufuta uamuzi wa maelfu ya wapiga kura, na amri ya mahakama ndiyo iliyomwacha bungeni. Aprili 2025 Tume ya uchaguzi ilipotangaza kwamba CHADEMA haitashiriki kwa kutosaini kanuni za maadili, mwanachama wake aliyetaka kugombea hakuwa na pa kupita ila kutafuta kadi ya chama kingine. Mtu anabeba kadi ya chama asichokiamini ili tu jina lake liingie kwenye karatasi ya kura. Hilo linadhoofisha vyama kuliko mgombea binafsi yeyote.

Kwa hiyo kurekebisha ibara za 39 na 67 peke yake hakutatosha. Bunge likiiacha ya 71 ilivyo, mgombea binafsi atapata njia ya kuingia, lakini mbunge wa chama ataendelea kukaa kwa hisani ya viongozi wake, hata pale jimbo lake linapomtaka apige kura tofauti na wao.