Pikapu ya jirani haijawahi kubeba hata gunia moja la viazi

Jirani yangu hapa Arlington, Texas, alinunua godoro. Huyu jamaa ana Ford F-150 nyeusi inang'aa kama kiatu cha askari wa Gilgil, nyuma ameifunika vizuri na kifuniko chake, na bado akalipa duka wamletee hilo godoro na gari yao. Nikamuuliza kwa upole tu, kwani pikapu ina shida? Akaniambia hapana, hataki ichunwe rangi, na hata hivyo godoro haliingii. Nikadhani ananichezea. Kumbe ni kweli, godoro la kawaida la watu wawili huku ni futi sita na inchi nane, na nyuma ya pikapu yake ni futi tano na nusu, kwa hivyo lazima ufungue mlango wa nyuma godoro litokeze nje, na hiyo aibu yeye hataki.

Gari ya karibu mita sita, haibebi godoro. Mimi ni mtu wa Molo, hiyo kitu imenikaa kwa roho mpaka nikaona wacha niandike tu, na najua kuna wenye watasema huyu naye ameanza maneno ya majuu. Semeni.

Probox nyinyi mnaijua. Toyota waliitoa mwaka 2002 iwe gari ya kazi ya makampuni huko Japani, kijana wa mauzo avae tai azunguke na sampuli zake, na mzigo wakaandika mwisho kilo 400. Ikashuka Mombasa ikapewa maisha ingine kabisa. Siku ya soko Molo unaiona imekuja imeinua pua juu, viti vya nyuma vimelazwa, magunia ya viazi ya mukurino, yale yaliyojazwa mpaka yakafungwa kilemba juu, yamepangwa mpaka dari, juu ya magunia kuna kuku wamefungwa miguu, ekzosi inakwaruza kila bampa, na dereva mwenyewe amekalia nusu kiti kwa sababu ile nusu ingine ameuza kwa abiria. Nimewahi kuona ndama ametoa kichwa dirishani anaangalia watu. Na hiyo gari kesho yake saa kumi na moja asubuhi iko barabarani tena. Huo ni mnyama wa injini ya 1500, jamani, na kuna za 1300 pia.

Sisemi ni vizuri kubebana hivyo. Tunajua wale tumezika, na tunajua kile askari hupokea pale kizuizini ndio asione watu kumi na mmoja ndani ya gari ya watano. Lakini ukitoka kwa hiyo ukuje uone pikapu ya Texas imesimama mbele ya duka la kahawa, nyuma haina hata chembe ya mchanga, kuna kitu inakufinya.

Na si jirani yangu pekee. Ford F-Series ndio pikapu inauzwa kuliko zote Marekani tangu 1977. Mwaka wa 2023 waliuza zaidi ya 750,000, hapo wamehesabu pamoja na zile kubwa za kazi nzito. Sedan inayouzwa kuliko zote, Toyota Camry, mwaka huo huo ilikuwa karibu 290,000. RAV4 ikapita 430,000. Yaani ukikusanya pikapu, SUV na vani ni kama robo tatu ya magari mapya yote, na pengine zaidi, sedan imebaki ya watu kama mimi na watu wa teksi. Ford wenyewe walitangaza 2018 kwamba sedan Marekani basi, wakabakisha Mustang, na Chevrolet Malibu nayo ikafungiwa 2024.

Sasa fanya hesabu ya nyumbani. Magari mapya kabisa yanayouzwa Kenya mwaka mzima, ukiweka lori, basi, pikapu na kila kitu, miaka hii yamekuwa yakicheza kati ya elfu kumi na elfu kumi na tano. Ford anauza hizo F-Series kama elfu mbili kwa siku. Kwa hivyo mwaka wetu wote ni wiki moja ya pikapu moja ya Texas. Na hata hayo mapya yetu, mengi yananunuliwa na serikali, kaunti na makampuni, ndio maana Isuzu anaongoza, lori na pikapu yake ya D-Max. Mimi na wewe tuko yadi ya magari tunaangalia ya Japani ambayo imeshatembea, tukiuliza kama ile yenye namba ya KD, iliyosajiliwa Kenya karibuni, itashuka bei kidogo.

Hapa ndipo watu husema Wamarekani wanaringa na sisi ni wanyenyekevu tunaojua thamani ya pesa. Mimi nilikuwa nasikia hiyo nyumbani hata kanisani. Hapana. Hiyo ni ushuru tu. Gari ya mtu, ukiichunguza vizuri, imechaguliwa na ushuru kabla yeye aingie yadi.

Chukua Marekani. Baada ya ile shida ya mafuta ya 1973 wakatunga sheria 1975 magari yapunguze kunywa mafuta, lakini pikapu wakaziwekea kiwango chepesi kwa sababu wakati huo zilikuwa za wakulima na mafundi, na SUV ikapenya kwa mlango huo huo ikihesabiwa kama pikapu. Baadaye wakafanya kiwango kifuate ukubwa wa gari, gari ikiwa kubwa kiwango kinalegea. Sasa wewe kama ni kampuni utatengeneza gani? Na faida ya pikapu moja inashinda ya sedan mbali sana. Halafu mwenye biashara akinunua gari ya kazi yenye uzito wa zaidi ya pauni 6,000 ikiwa na mzigo, hiyo ni kama kilo 2,700, anaruhusiwa kuondoa sehemu kubwa ya bei kwa hesabu ya kodi mwaka huo huo. Ndio unaona wakili na mwuza nyumba wote wana magari ya kuvuta trela.

Na kuna ile ya kuku, hii nikiwaambia watu wa nyumbani wanadhani nimetunga. Miaka ya sitini Ufaransa na Ujerumani Magharibi walipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Marekani akakasirika, 1964 akaweka ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu kutoka nje. Mambo ya kuku yaliisha zamani, wale kuku wenyewe waliliwa, lakini ushuru wa pikapu bado uko. Ndio hiyo Hilux yetu tunayoiheshimu hivyo, huku haiuzwi, D-Max pia hakuna. Mmarekani anachagua kati ya pikapu kubwa na pikapu kubwa zaidi. Ongeza mafuta ya Texas, lita moja inakuja karibu nusu ya bei ya kwetu, na hakuna mtu anakaa macho tarehe 14 usiku akingoja EPRA, wale wa kupanga bei ya mafuta Kenya.

Kwetu nayo imepinduliwa. Ushuru wa forodha asilimia 35, VAT 16, na zile zingine katikati, halafu ukivuka 1500cc ushuru wa bidhaa nao unapanda. Umri wa gari ya kuagiza ni miaka minane, mwisho. Unadhani ni kwa nini Kenya nzima inaendesha Axio, Fielder, Vitz, Demio na Note? Ati tunapenda vitu vidogo? Mtu wa Mau Narok mwenye barabara ya tope mpaka goti anahitaji pikapu kuliko wakili yeyote wa Dallas, na yeye ndiye KRA, wale wa kukusanya kodi, wanamwambia chukua kagari kadogo. Hiyo ndiyo inanikasirisha. Mwenye mzigo hana gari, na mwenye gari hana mzigo.

Hapo sasa nasikia mtu wa Kiamunyi anasema, wewe mama umekaa huko raha mstarehe unaendesha gari gani hata? Corolla. Nyeupe. Ilikuwa imetumika nilipoinunua, na sina haja ya ingine. Ninafanya kazi hospitalini, ninaenda ninarudi, nyuma kuna kiti cha mtoto na begi lake. Ukiwa ndani ya Corolla hapa barabarani huoni mbele kitu, unaona tu bampa na mlango wa nyuma wa pikapu, na kwenye taa boneti ya mtu iko sawa na dirisha langu. Wenzangu kazini wakinieleza kwa nini walinunua SUV wanasema ni kuona mbali, kupanda bila kuinama, na watoto. Sawa, nawaelewa, magoti ni magoti. Lakini kila mtu akipanda juu ndio aone, si mwisho wake hakuna anayeona? Basi yule wa chini anaogopa naye anaenda kupanda. Hata mimi nimefikiria mara moja mbili, nisidanganye.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba RAV4 chini yake ni ndugu ya Camry, zimejengwa juu ya msingi mmoja, imeinuliwa tu na kupewa mwili wa kiume. Hiyo kazi si ndio mafundi wetu wa jua kali Nakuru wanafanya kila siku? Unapeleka Toyota Premio yako, fundi anaweka spesa, vile vipande vya kuinua gari, kwa springi nne, unapata kimo, unaenda Njoro bila kuacha sampu ya oili kwa jiwe. Toyota wanalipwa maelfu ya dola, fundi unamwambia apunguze soo tano, yaani shilingi mia tano. Halafu mnaniambia sisi hatuna mainjinia.

Na kabla mwenye ranchi aje kunisomea, najua kuna pikapu za kazi Texas. Naziona kila asubuhi, za wajenzi na wakata nyasi, Wameksiko wengi, zina ngazi juu, toroli, mapipa ya rangi, mlango umebonyea na hakuna aliyejali. Hizo nazipigia saluti kabisa, hizo ni Probox zilizokula vizuri. Mimi naongea juu ya zile zinaoshwa kila Jumamosi.

Tena msidhani nyumbani tuko wasafi. Land Cruiser V8 ya mheshimiwa imewahi kubeba nini isipokuwa mheshimiwa? Tunalalamika juu ya guzula za serikali, yale magari makubwa ya kunywa mafuta, halafu ruracio, siku ya kupeleka mahari, ikifika tunachanga pesa kukodisha Prado tano ndio tuonekane, na yule aliyeleta viazi, mbuzi na kreti za soda na Probox usiku wa kuamkia anaambiwa apaki nyuma ya nyumba isionekane kwa picha. Nilienda nyumbani Desemba nikakodisha Fielder, anko yangu akaizunguka yote, akapiga teke tairi, akaniuliza kwa sauti watu wakisikia, "Mama, miaka hiyo yote Amerika na hii ndio umekuja nayo?" Anko nampenda, alinilipia karo ya fomu wani, kwa hivyo nilicheka tu. Lakini nilitaka kumwambia hata Dallas ningekuja nayo hiyo hiyo.

Sasa wacha nimalizie na binamu yangu, kwa sababu ndiye amekuwa akinipigia simu usiku saa za huko. Anataka nimtumie Tacoma, pikapu ya Toyota ya huku. Ameona kwa simu, ameipenda, ameniambia eti nitaitoa kwa kontena tugawane. Nimemweleza polepole, hiyo gari usukani uko kushoto, Kenya haitasajiliwa kwa mtu wa kawaida, hizo ni za ambulensi na magari ya zimamoto. Akasema kuna mtu Mombasa anajua njia. Huwa kuna mtu Mombasa. Nikamwambia kama ni hiyo njia pesa yangu isihesabiwe.

Akaniuliza basi anunue gani. Huyu mtu ana ekari nne za viazi, ng'ombe wawili wa maziwa, na kutoka kwake mpaka lami ni safari. Nikamwambia chukua Probox, au kama umeweka pesa vizuri tafuta pikapu ya Hilux hata ya zamani, ya kebini moja, ile nyuma yake ni ndefu. Kukawa kimya. Nikadhani simu imekatika. Akaniambia, "Dadangu, mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kushuka kwa Probox mbele ya watu."

Nikamuuliza kati yangu na yeye nani ndiye ameenda Amerika.

Ameweka deposit ya Forester, 2000cc, turbo, anasema fundi ameahidi kuiinua na spesa kidogo. Viazi atakuwa anakodisha Probox.