Akiba haiozi, na hiyo ndiyo shida ya vikombe

Chakula kikikaa sana kitajitangaza chenyewe: kitanuka, kitaota ukungu, utakimwaga upende usipende. Nguo itabana, itapauka, itachanika. Kikombe hakifiki siku ya namna hiyo. Udongo uliochomwa tanurini kwa joto la nyuzi 1,000 na zaidi hauna haraka na mtu. Wanaochimbua mambo ya kale bado wanaokota vigae vya vyungu vya maelfu ya miaka. Kwa hiyo kikombe kikishaingia kabatini, kitatolewa na mojawapo kati ya mambo mawili, ajali au uamuzi. Na ajali ina tabia mbaya ya kuchagua kile kile unachokipenda.

Ndivyo nyumba ya watu wanne inavyojikuta na vikombe vya kutosha karamu, na bado asubuhi mtu amesimama kwenye sinki anasuuza kile kimoja cha jana, kwa sababu ndicho kinachomkaa vizuri mkononi.

Ushauri ulioenea siku hizi unasema shika kitu, kisikilizie, kama hakikufurahishi kiage. Kwa nguo sawa. Kwa vikombe nasema hapana, maana vikombe karibu vyote vinafurahisha vikishikwa. Hiki mtu aliagwa nacho kazini, hiki alikuja nacho shemeji, hiki kina jina la semina ambayo hakuna anayekumbuka ilihusu nini ila chai yake ilikuwa nzuri. Wengi wetu hata hatukuvinunua. Vilikuja vyenyewe, kimoja kimoja, kila kimoja na sababu yake.

Kuna majaribio ninayoyapenda kuhusu jambo hili, na kwa bahati yalifanywa kwa vikombe hasa. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler waliyachapisha mwaka 1990. Katika Chuo Kikuu cha Cornell waliwagawia vikombe vyenye nembo ya chuo nusu ya wanafunzi waliokuwa darasani, wengine wakabaki mikono mitupu. Kisha wenye vikombe wakaulizwa wangeuza kwa kiasi gani, na wasio navyo wangenunua kwa kiasi gani. Wenye navyo walitaka takriban mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kile kile, chumba ni kile kile, na umiliki wenyewe ulikuwa wa dakika chache tu. Sasa fikiria kikombe ambacho umelala nacho nyumba moja kwa miaka kumi. Kujiuliza wewe mwenyewe kama kinafaa kubaki ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Kwa hiyo geuza swali. Usiulize "nakipenda?" Uliza: ningekikuta leo dukani, na sijawahi kukimiliki, ningekitoa pale rafuni nikinunue? Na la pili, ambalo halina huruma zaidi: mara ya mwisho kilimiminiwa kitu cha moto lini? Ukianza kutafuta jibu, umeshalipata.

Lakini huwezi kuuliza hayo huku vikombe viko kabatini. Vitoe vyote, vipange mezani, na vya chumba cha kulala na vya gari pia. Hapo utaona. Vya nyuma vina utando wa mafuta ya mapishi uliokamata vumbi, ukigusa vidole vinanata. Vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine utavikuta na mikwaruzo ya mduara ndani, kwa sababu chini ya kikombe kuna ule ukingo mwembamba usiong'aa, ambao haukupakwa kitu kiwandani. Ukingo huo unakwaruza, na kila ukivuta cha chini unasugua mng'ao wa mwenzake. Msongamano wenyewe ndio unaovimegua midomo. Watu husema wana vikombe vingi kwa sababu vinavunjika, kumbe nusu ya kuvunjika huko kunatokana na wingi.

Vingine havihitaji mjadala. Kilichomeguka mdomo kiondoke: kinaweza kukata mdomo wa mtu, na udongo uliobaki wazi unafyonza maji na uchafu. Chenye ufa kwenye mkono kiondoke mapema zaidi, kwa sababu mkono hautangoka kikiwa kitupu, utangoka kikiwa kimejaa na kiko juu ya mapaja. Kile cha zamani chenye michoro mikali, kisichojulikana kilikotoka, kisinywewe, hasa vinywaji vichachu, kwa kuwa rangi na ming'ao ya zamani mara nyingi ilikuwa na madini ya risasi. Cha pambo la dhahabu mdomoni si lazima kitoke, ila kisiingie kwenye maikrowevu, kitatoa cheche. Na mifuniko isiyo na vikombe vyake, tafadhali.

Baada ya hapo, hesabu. Sina imani na zile namba za ajabu zinazotajwa, eti kila mtu abaki na viwili. Inategemea mnakunywa mara ngapi kati ya osho moja na lingine. Watu wanne, kila mmoja mara mbili kwa siku, vyombo vinaoshwa jioni: vinane. Ongeza vinne vya wageni, kumi na viwili. Wakija wengi zaidi, glasi zipo na jirani yupo. Vikombe vya ziada havipunguzi kuosha, vinakuahirishia tu, hadi jioni unapokuta sinki limejaa na kila kikombe kina duara la kahawia lililogandia. Vikiwa vichache mtu anasuuza cha kwake palepale, kabla rangi ya chai haijashika.

Hapa ndipo watu wanapopandisha sauti: kutupa kikombe kizima ni israfu! Naheshimu hisia hiyo, ila naona inalia mahali pasipo na msiba. Mwaka 1994 Martin Hocking wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, alipiga hesabu ya nishati ya kutengeneza na kuosha vikombe. Kwa hesabu zake, kikombe cha udongo kinahitaji kutumika kama mara 39 ndipo kilingane na vikombe vya karatasi vya kutupa. Ili kilingane na vile vyepesi vya povu la plastiki, mara elfu moja na ushei. Moto wa tanuri ulishawaka. Kukificha nyuma ya vingine hakurudishi chochote, na kumpa mtu atakayekinywea kila siku kunarudisha.

Nina ugomvi zaidi na ile seti nzuri. Unaijua: imekaa juu kabisa, visahani vyake vimewekewa karatasi katikati, inamsubiri mgeni ambaye akija anapewa chai haraka haraka katika vikombe vilivyo karibu. Wenye nyumba miaka yote wananywea vilivyopauka. Mimi ningefanya kinyume. Shusha seti, itumieni, na vilivyopauka ndivyo viondoke. Kimoja kikivunjika, kimevunjika kikiwa kazini.

Cha kumbukumbu kweli, cha marehemu mama au cha mkono wa mtoto aliyekifinyanga mwenyewe, kibaki bila kuhojiwa. Vingine vya hisia nusunusu watu huvipeleka mezani viwe vya kuwekea kalamu. Kimoja sawa. Vikifika vitano umehamisha kabati tu. Na cha mwenzako usikiguse. Mtu anaweza kusamehe mengi, lakini si kuamka na kukuta kikombe chake kimegawiwa.

Vile vya shaka vitie kwenye boksi, liandike tarehe, liweke mahali panapofikika. Atakayekihitaji kimoja akichukue, hicho kimejitetea. Vitakavyobaki mwezi wa tatu, osha, kausha, gawa kwa wanaoanza maisha, ofisi au ukumbi wenye chai nyingi na vyombo vichache. Gawa vyote siku moja, maana boksi likikaa mlangoni wiki mbili litafunguliwa.

Vilivyovunjika usivichanganye na chupa za kurejelezwa. Udongo huyeyuka kwa joto kubwa kuliko kioo, kwa hiyo vipande vyake hubaki vizima ndani ya kioo kipya na kukidhoofisha. Vifunge kwenye karatasi nene, zungushia utepe wa gundi, na kama kuna mtu anayebeba taka zako kwa mikono, mwambie kilichomo kabla hajanyanyua.