Mbwa wa mtaani Dodoma: bunduki, kituo au sindano?

Kila mtoto aking'atwa hapa Dodoma mjadala unakuwa ule ule, wapo wanaotaka jiji lilete watu wa bunduki wapite usiku wamalize kazi, na wapo wanaosema tuchange kijengwe kituo mbwa wote wakusanywe walishwe huko, alafu yupo bwana mifugo mmoja anasema jamani tuchanje na tuhasi na huyo hakuna anayemsikiliza. Mi niko upande wa bwana mifugo, niseme mapema, ila hao wengine hoja wanazo na sio za kupuuza.

Tuanze na wa bunduki maana hao ndo wanatukanwa sana. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu ndo basi tena, hospitali hawana cha kukufanyia. WHO, shirika la afya duniani, wanakadiria vifo kama 59,000 kwa mwaka dunia nzima, karibu vyote vinatokana na mbwa, na kwenye watu wanaong'atwa na mbwa wa kushukiwa kuwa na kichaa karibu asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Sasa mzazi wa Nkuhungu ambaye mwanae anaenda shule kwa mguu saa 12 asubuhi na lazima apite pale kwenye taka walipolala mbwa saba nane, ukimletea habari za haki za wanyama atakuona unamtania. Na mtoto aking'atwa sindano sio moja, ni leo, siku ya tatu, siku ya saba na wakati mwingine zaidi, kila siku nauli, na kuna siku unafika unaambiwa dawa hamna kanunue mwenyewe. Wapo pia majirani ambao kwa imani yao hawataki mbwa aguse hata ukuta wao, nao ni wakazi kama sisi.

Tatizo la bunduki ni kwamba haimalizi ugonjwa. Kisiwa cha Flores kule Indonesia kichaa kilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990 waliua mbwa kwa wingi sana na ugonjwa ukabaki pale pale. Na ukifikiria utaona kwa nini, watu wanaficha mbwa wao au wanawahamishia kijiji kingine na ugonjwa unahama nao, alafu aliyeuliwa mbwa wake anatafuta mtoto wa mbwa mwingine ambaye hajachanjwa. Mbaya zaidi anayeuawa kirahisi ni yule mpole anayesogelea watu, yaani huenda ndo yule yule aliyechanjwa mwaka jana!

Chanjo tunayo mifano ya hapa hapa nyumbani. Watafiti waliofuatilia mbwa wenye kichaa Serengeti na Ngorongoro walikuta mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani anaambukiza mwenzake mmoja na kidogo tu, kwahiyo ukichanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka ugonjwa unakosa pa kwenda. Pemba walichanja, kichaa kikaisha 2014, kikarudi tena 2016, wakachanja tena, 2018 kikaisha.

Sasa kituo. Hapa ndo nawakorofisha marafiki zangu wapenda wanyama. Uturuki 2024 walipitisha sheria mbwa wote wa mitaani wakusanywe, serikali yenyewe ikisema wako kama milioni 4, na nafasi kwenye vituo vyote nchi nzima zilikuwa kama 105,000. Piga hesabu mwenyewe hao wengine wanalala wapi. Na hiyo ni Uturuki yenye hela. Kituo kikijulikana tu watu wanaanza kutupa watoto wa mbwa getini usiku, wanabanana, ugonjwa mmoja ukiingia unafagia, na hela yote inaishia kwenye pumba na dagaa huku mtaani majike yanaendelea kuzaa, mimba ya mbwa ni miezi miwili tu. Lakini kituo kidogo cha kulaza aliyegongwa na gari, au jike aliyetoka kufungwa kizazi apone siku kadhaa, hicho nakikubali kabisa, bila hicho huwezi kuhasi kwa ubinadamu.

Kuhasi nako tusikuuze kama muujiza. Kwa jike ni upasuaji kamili, unataka daktari, usingizi, nyuzi, na mahali safi, na mbwa aliyehasiwa anaweza kung'ata vile vile. Bhutan walitangaza 2023 kwamba wamehasi mbwa wao wote wa mitaani, safi sana, ila walianza 2009 na ni kanchi kadogo.

Alafu kuna hili ambalo wa bunduki na wa kituo wote wanaliruka, hawa tunaowaita mbwa koko wengi wana mwenyewe au walikuwa naye. Tangu serikali ihamie huku kila kona ni saiti, Ilazo, Nzuguni, Mtumba, na kila saiti ina mlinzi na mbwa wawili watatu wanaokula makombo ya mafundi. Nyumba ikipauliwa na kuwekwa geti mlinzi anaondoka na godoro lake, mbwa wanabaki wamelala kwenye lundo la mchanga wanasubiri ugali ambao hauji. Mwenye nyumba anawaita wa mtaa, mtaa unawaita wa jiji. Kibali cha ujenzi kingeweza kabisa kudai kadi za chanjo za mbwa wa saiti na wanapoenda nyumba ikiisha, sioni ugumu wake. Na wachoma nyama wa mnada wa Msalato mifupa wafukie, mbwa anazaa kwenye chakula.

Watu watasema hatuna friji za chanjo vijijini huko Zuzu na Nala. Kuna chanjo ya kichaa iliyojaribiwa Tanzania hapa hapa, ikakaa miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30 na bado ikafanya kazi, na kule Mara wameitunza vijijini kwenye vifaa vya kupoozea vya vyungu vya udongo bila umeme, wanavijiji wenyewe waliofundishwa ndo wanachanja. Vyungu Dodoma hatujawahi kukosa.