Mteja anataka kuona skrini Ijumaa

"Tuonyesheni kitu sasa, maneno tumeshasikia." Mbunifu yeyote wa mifumo ya kompyuta amekutana na kauli hiyo, na nyuma yake kuna ubishi wa siku nyingi: tupange kwanza mfumo utakavyofanya kazi, au tuchore skrini kwanza? Mimi niliambiwa Jumatatu moja na mteja mwenye zahanati kadhaa, na Ijumaa nikampelekea michoro ya skrini 40. Rangi zimetulia, herufi zinasomeka, mabosi wanatabasamu. Kumbe pembeni alikaa keshia, mama wa makamo ambaye hakuna aliyemwomba neno. Akauliza: "Mgonjwa amelipia vipimo viwili, mashine ya kimoja imeharibika. Hela yake inarudi vipi?"

Tukatazamana. Skrini ya jambo hilo haikuwepo, na jibu lenyewe halikuwepo pia. Bili tuliichora ikiwa na hali mbili tu, imelipwa na haijalipwa. Kuongeza "imelipwa nusu" na "inarudishwa" kuligusa risiti, hesabu za kufunga siku, foleni ya maabara na ruhusa za mhasibu. Katika zile 40 zilisalimika 11.

Kwa hiyo wanaosema tupange kwanza ndipo tuchore, siwezi kuwabishia kwa sauti kubwa. Skrini ina tabia ya kuonyesha siku njema: mtandao upo, mgonjwa ana hela, daktari yuko kazini. Maswali magumu yako nyuma yake. Nani anashika nini, kitu hicho kinapitia hali ngapi, nani ana ruhusa ya kukisogeza, na umeme ukikatika katikati mfumo unakumbuka nini? Hayo yakikosewa, hakuna kitufe kizuri kitakachoyaokoa. Marekani ilipofungua HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2013, watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujiandikishia bima siku ya kwanza. Matatizo yalikuwa mengi, lakini mojawapo lilikuwa la mpangilio kabisa: mgeni alilazimika kufungua akaunti kabla ya kulinganisha bei za bima, hivyo hata aliyetaka kuchungulia tu alisukumwa kwenye mlango uleule uliokuwa umeziba.

Upande wa pili, wa wanaosema tuchore upesi watu wajaribu, nao una ushahidi, na ulio mzuri kuliko wote ninaoujua uko hapa Afrika Mashariki. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza kuijaribu M-Pesa nchini Kenya, wakiwa na wateja wasiofika 500 na mawakala 8. Mpango, uliopata pia fedha za serikali ya Uingereza, ulikuwa umefikiriwa sawasawa: wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, warejeshe mikopo yao kwa simu. Watu walipokabidhiwa, wakafanya yao. Kuna waliomlipia mwenzao rejesho ili naye awafanyie kazi fulani. Kuna walioweka pesa kabla ya safari wakazitoa walikofika. Wengine waliigeuza kibubu cha usiku mmoja. Faulu nao walihangaika kuoanisha miamala ile na vitabu vyao, tena wakaona hatari nyingine: anayelipa kwa simu hana haja ya kuja kwenye kikao cha kikundi, na kikundi ndicho kilichokuwa dhamana ya mkopo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando. Kilichouzwa ni kutuma pesa nyumbani. Nani angeyabashiri hayo akiwa chumbani na kalamu?

Lakini mfano huohuo unakata kotekote. Akaunti inayofuata namba ya simu, wakala mwenye floti (akiba ya pesa ya kuhudumia wateja), namba ya siri, ujumbe wa kuthibitisha unaofika kwa mtumaji na kwa mpokeaji: hivyo vyote vilibaki. Kilichong'olewa ni matumizi ya juu. Kama hesabu za wakala zingekuwa zimeungwaungwa ili skrini ziwahi, sidhani kama wangeweza kugeuka bila kuanza upya.

Ndiyo maana siku hizi nayagawa maswali mafungu mawili. Yale ambayo kuyabadilisha baadaye kutavuruga kila kitu (fedha, ruhusa, hali za bili) nayamaliza kwenye karatasi za ukutani, na keshia lazima awepo. Mengine huwezi kuyajua mpaka mtu ashike simu: aanze na namba au na kiasi, aelewe "rejesho" au "malipo ya mkopo". Hayo nayachora mapema, tena vibaya makusudi. Ukimwonyesha mtu mishale na visanduku anaitikia kwa adabu tu. Ukimpa skrini mbovu anakukosoa mpaka unafurahi.

Hatari ninayoiona kwa wapenda mipango, nami nikiwamo, ni kujificha. Nimewahi kuandika waraka wa mpangilio wa kurasa 60 ambao hakuna aliyeufungua, nami nikausifia kwa wiki tatu kana kwamba ni kazi iliyokwisha. Sasa najipa siku tano za ukuta, basi.

Mteja niliye naye sasa anataka mfumo wa mikopo ya vikoba, naye pia amesema Ijumaa. Atapata skrini tatu za penseli na karatasi moja inayoonyesha mkopo unapitia wapi mwanachama akifariki kabla ya kumaliza kulipa. Nilipomweleza kwa simu akanyamaza kidogo, kisha akasema atakuja na mweka hazina.