Asilimia 27 iliyoniondoa upande wa Apple

Wanaotetea makato ya Apple, ile asilimia 30 inayochukua kwenye mauzo ya kidijitali yanayopitia duka lake la programu za simu (App Store), wana hoja, na si haki kuipuuza. Kuendesha duka la programu kuna gharama. Mtengenezaji analipa dola 99 kwa mwaka. Programu yake inakaguliwa, inauzwa nchi nyingi kwa mpigo, na mteja akidai pesa zake yuko wa kumshughulikia. Anayegawa programu yake bure, bila kuuza kitu ndani yake, hakatwi kitu. Tangu 2021, anayeingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka anaweza kuomba akatwe asilimia 15 badala ya 30.

Ila tazama nani anayekatwa. Ukiita Uber, Apple haigusi hata senti ya nauli yako. Shule ya mtandaoni ikiuza somo lililorekodiwa ndani ya programu yake, inakatwa. Duka ni lile lile, na ukaguzi ni ule ule.

Hata hivyo, kilichonigeuza ni 27. Katika kesi ambayo Epic Games, kampuni ya michezo ya video, iliishtaki Apple, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California aliamua mwaka 2021 kwamba watengenezaji waruhusiwe kuwaelekeza wateja kulipia nje ya duka. Amri ilipoanza kufanya kazi Januari 2024, Apple ilikubali viungo vya kumpeleka mteja nje viwekwe ndani ya programu, kisha ikadai asilimia 27 ya mauzo ya huko nje.

Piga hesabu ya wakati ule. Somo ni dola 10, na shule iko kwenye kiwango cha juu, asilimia 30. Mteja akilipia ndani, Apple inachukua 3, shule inabaki na 7. Akilipia nje, Apple inachukua 2.70, na kampuni inayopokea malipo ya kadi nayo inataka chake, kwa kawaida si chini ya senti 30. Shule inarudi kwenye 7 ile ile, pengine pungufu, na sasa kushughulikia malipo na marejesho ni kazi yake. Apple imeacha kazi hiyo, lakini ujira wake umepungua kwa senti 30 tu. Basi zile 2.70 ni malipo ya kazi gani?

Na mteja aliyebonyeza kiungo alikutana kwanza na onyo lililojaza kioo kizima cha simu. Aprili 2025 jaji yule yule aliona kwamba Apple ilikaidi amri yake kwa makusudi, akayapiga marufuku makato hayo.

Kama 30 ni bei ya haki, mteja aonyeshwe bei zote mbili bila kutishwa, achague mwenyewe.