Ganda Lililozaliwa Limevimba

Kwa kuwa mshenga wangu ameshatupa odio yake ya dakika nne kwenye magrupu yote ya Lubumbashi, akidai nilipiga magoti, ngoja niseme mwenyewe. Sikupiga magoti. Niliinama kutafuta kiatu.

Jumapili, Katuba, ukweni. Papa mkwe enzi zake aliongoza wawindaji upande wa Zambia, na huko walikuwa wanajaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa. Ana chupa nzima ya ukumbusho. Wakati tunangoja bukari, ugali wetu, akayamwaga mezani.

Sasa mimi wiki hiyo nilikesha na video za Wamarekani wanaosoma ganda kama mpiga ramli. Fataki, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, ikipondeka hadi kingo zipotee: presha ya baruti ndani ya bunduki imezidi. Kitako kikiwa na doa la kung'aa: presha. Komeo la bunduki likigoma kufunguka: presha. (Mchumba alinikanyaga chini ya meza. Nilidhani ni mapenzi.)

Nikachukua ganda la bunduki ya 375. Nikaligeuza polepole, kama daktari na picha ya eksirei. Juu kidogo ya kitako, unene umelizunguka lote. Nikakohoa.

"Papa, mshukuru Mungu. Hili limevimba. Aliyepima baruti alitaka kukuua."

Aliyepima baruti ni yeye.

Jikoni mwiko ukasimama. Mzee akanisogezea la pili. Limevimba. La tatu. Limevimba. Mwenye akili angejiuliza mbona yote yamevimba sawasawa kama yamepigiwa rula. Mimi nikasema, "Papa, umeponea chupuchupu mara tatu!"

Akanyanyuka. Kandambili zake: pa, pa, pa, mpaka kabatini. Pa, pa, pa, kurudi. Mkononi risasi ya maonyesho, haina baruti, haina fataki, haijawahi kuonja bunduki. Akaisimamisha kando ya ganda langu. Vichwa sita vikainama. Unene ule ule, mahali pale pale.

"Huu ni mkanda, mwanangu. Waingereza waliitoa hivi tangu 1912. Ndio unaoizuia isizame kupita kipimo ndani ya bunduki."

Shemeji mdogo, miaka tisa: "Kumbe ilizaliwa imevimba?"

Ningenyamaza. Nikanyakua ganda jingine: "Lakini fataki hii imepondeka!"

"Fataki laini hupondeka hata presha ikiwa sawa. Unalinganisha na maganda mengine ya mjazo ule ule, unakumbuka komeo lilifunguka vipi. Wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo. Nilikuwa sijazaliwa.

Bukari ililiwa, ladha siijui. Mahari imeongezeka mbuzi mmoja, ukoo mzima unamwita Presha. Mimi ni Shemeji Mkanda.

Na kiatu kilikuwa chini ya kabati. Mshenga alikiona.